Golf GTI ya Kizazi cha Tano au Starlet Glanza V: Lipi Linafaa Barabara za Nakuru na Kisumu?

Mtu wa Nakuru, Kericho au Kisumu anayetaka gari dogo lenye moto hana uwanja mpana wa kuchagua. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo magari ya zamani ya aina hii ni yale tu yaliyowahi kuingia mapema na yakapata mtu wa kuyatunza. Katika hayo yaliyobaki, mawili yanastahili kuwekwa sako kwa bako: Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha tano, ya Mjerumani, na Toyota Starlet Glanza V, ya Mjapani. Yote mawili huvuta kwa magurudumu ya mbele, yote yana turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa ya ziada, na yote yalisifiwa tangu yakiwa mapya.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kama hilo ndilo litakalokuwa gari pekee la nyumbani, nunua Golf. Kama lipo jingine la kupeleka watoto shule na kubeba gunia la viazi kutoka Molo, tafuta Glanza, na ukiipata halisi usiiachilie.

Golf GTI ilianza kuuzwa 1976. Kiwanda kilikusudia kuunda 5,000 tu, lakini kizazi cha kwanza peke yake kikapita 450,000. Kizazi cha tatu na cha nne kilinenepa kikapoteza makali, na wapenzi wake wakaanza kusema jina la GTI limebaki kwenye grili tu. Kilichotoka 2004 ndicho kilichorudisha heshima. Glanza V nayo ndiyo Starlet ya mwisho, iliyoundwa 1996 hadi 1999, kabla Vitz haijashika nafasi yake. Ng'ambo Vitz iliitwa Yaris, na tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia 2021 ni Yaris iliyoshinda Naivasha kila mwaka hadi 2025. Mtu wa Kaunti ya Nakuru aliyesimama kwenye vumbi la Elmenteita akiitazama ikipita anajua damu ya Glanza ilielekea wapi. Starlet mpya inayouzwa sasa isikuchanganye: hiyo ni Suzuki Baleno iliyobandikwa nembo ya Toyota, haina udugu wowote na hii tunayoizungumzia.

Hesabu inayoshangaza wengi

Golf ina injini ya lita 2.0 yenye nguvu za farasi 200. Glanza ina injini ya sentimita za ujazo 1,331, ile inayoitwa 4E-FTE, yenye farasi 135. Ukiishia hapo utadhani mchezo umekwisha. Sasa weka uzito. Golf ina kilo 1,330 na kidogo. Glanza ina kilo 930 hivi. Gawanya nguvu kwa uzito: Golf inapata farasi 150 kwa kila tani, Glanza 145. Yako karibu sana kiasi kwamba dereva mzuri ndiye anayeamua nani atangulie.

Tofauti inakuja katika namna nguvu hiyo inavyofika. Golf hutoa msukumo wake wote, niutoni-mita 280, kuanzia mizunguko 1,800 kwa dakika hadi 5,000. Glanza hutoa 157, na kilele chake kiko mizunguko 4,800. Kwa lugha ya barabarani: uko nyuma ya trela linalopanda Sachangwan kwa mwendo wa mzee, nafasi inafunguka. Kwenye Golf unakanyaga tu, hata gia usibadilishe, na gari linaondoka. Kwenye Glanza inabidi uwe umeshajiandaa, umeteremka hadi gia ya tatu au ya pili, injini inalia, ndipo turbo iamke. Ikiamka ni raha tupu, maana gari ni jepesi na linaruka mbele kwa ghafla ambayo Golf haina. Ila usipoiwahi, nafasi imefungwa na bado uko nyuma ya moshi wa trela.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wa huku hawaliulizi ilhali linawahusu kuliko mtu wa Mombasa, nalo ni mwinuko. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu 1,130, na Timboroa inapita 2,700. Hewa ya Nakuru ina kama asilimia 80 tu ya presha ya hewa ya pwani. Injini isiyo na turbo inapoteza kama robo ya nguvu zake ukifika Timboroa, ndiyo maana gari lililokimbia vizuri Ahero linaanza kuchoka kabla ya Burnt Forest. Turbo inapunguza hasara hiyo, lakini haya mawili hayapunguzi sawasawa. Kompyuta ya Golf inapima presha halisi inayoingia kwenye injini na kuiamuru turbo ifidie hewa iliyopungua, hadi pale turbo yenyewe inapofika kikomo chake. Ya Glanza inategemea zaidi springi inayofungua vali ya turbo, na springi hiyo inalinganisha tu na hewa ya nje. Hewa ya nje ikipungua, kinachoingia ndani nacho kinapungua. Matokeo ni kwamba kadiri unavyopanda kutoka Ziwa Victoria kuelekea Mau, Golf inazidi kuiacha Glanza, hata kama kule Kisumu yalikuwa yanakwenda bega kwa bega.

Joto la Kisumu nalo lina lake. Intakula ya Glanza, kile kifaa cha kupoza hewa inayotoka kwenye turbo, imekaa juu ya injini. Ukikwama kwenye msongamano mchana, inachukua joto la injini badala ya kulipunguza, na dakika za kwanza baada ya kutoka hapo gari linakuwa zito. Gari likikimbia kidogo hewa inaipoza, lakini ni jambo la kujua kabla hujaanza kumlaumu fundi.

Kwenye kona

Hapa Glanza inalipa deni lote. Ukitoka Kabarnet ukashuka Bonde la Kerio, ukavuka Chebloch na kuanza kupanda Tambach kwenda Iten, utakutana na kona zilizobana kiasi kwamba farasi 200 hazina pa kukimbilia. Pale wepesi ndio mfalme. Kilo 400 pungufu zinaonekana kwenye kila breki, kila kona, kila mara unapogeuza stering. Glanza inakwambia tairi linafanya nini. Unasikia kokoto moja chini ya gurudumu la mbele. Barabara ya Chemelil kupanda Nandi Hills ni hivyo hivyo. Mtu akiniuliza gari gani litamfanya arudi nyumbani akiwa anacheka peke yake, sisiti kutaja Glanza.

Golf si zembe, tuelewane. Springi zake za nyuma zimeungwa kwa vyuma vingi, kila gurudumu na lake, wakati Glanza ina boriti moja inayounganisha magurudumu mawili ya nyuma. Kwa hiyo katikati ya kona kukiwa na shimo, Golf inalimeza na kuendelea. Glanza inaruka upande. Kwenye mvua ya Kericho, ile ya alasiri inayokuja na mawe, lami ikiwa inang'aa kama kioo, ningependa kuwa ndani ya Golf. Ina mtambo wa kuizuia isiteleze, na unafanya kazi kabla mtu hajajua amekosea. Glanza inakuachia wewe kazi hiyo.

Mashimo yanazua suala la tairi. Golf nyingi zimevaa rimu za inchi 17 au 18 na tairi lenye ubavu mwembamba. Shimo moja baada ya mvua na rimu imepinda. Glanza ina rimu ndogo na tairi lenye nyama, linavumilia. Ukinunua Golf, chukua ya inchi 17, au ikija na za 18 uziuze kwa anayependa urembo, na uweke bamba la chuma chini ya injini siku hiyo hiyo.

Nani atafungua boneti

Hili ndilo linaloamua kama utafurahia gari au utaliegesha chini ya mwembe.

Starlet ya kawaida imejaa nchini kwa miaka mingi. Imebeba walimu, manesi, abiria wa vijijini. Kila mji kutoka Naivasha hadi Busia una fundi aliyewahi kuishusha injini yake. Glanza inatumia vitu vingi sawa na Starlet hizo: filta, gasketi nyingi, bushi, ambavyo duka la spea la Nakuru linavyo rafuni. Kinachokosekana ni turbo yenyewe, ya aina ya CT9, pamoja na mabomba yake. Ikifa utaitafuta Kirinyaga Road kule Nairobi au kwa mtu aliyevunja gari lake, na utalipa bei anayotaka. Nyingi hufa kwa sababu moja rahisi: dereva anapanda mlima kwa nguvu, anasimama, anazima injini papo hapo. Oili iliyoko ndani ya turbo inaungua pale pale. Iache dakika moja au mbili ipumue kabla ya kuzima.

Adui mwingine wa Glanza ni tamaa. Vijana wanaongeza presha ya turbo bila kuongeza petroli. Injini inapata hewa nyingi na mafuta machache, inaanza kugonga, na kingo za pistoni zinavunjika. Ukikuta kifaa cha kuongeza presha kimefungwa, uliza nani alifunga, na ni nini kingine kilibadilishwa pamoja nacho. Kama jibu ni kimya, ondoka.

Golf inataka fundi wa aina nyingine, mwenye kompyuta ya kusoma makosa na anayejua kusoma, si wa kufuta taa ya dashibodi na kudai amemaliza. Wapo Nakuru, wapo Kisumu, lakini wanahesabika. Kabla ya kununua mtafute kwanza fundi, ndipo utafute gari. Spea nyingi huagizwa Nairobi na kuletwa kama kifurushi kwenye matatu ya jioni. Unaipokea kesho yake, kwa hiyo umbali si kilio tena. Kilio ni kutojua magonjwa ya injini hii, nayo yanajulikana vizuri.

La kwanza ni kikombe kidogo cha chuma kilichokaa kati ya kamshafti, ile shafti inayofungua vali, na pampu ya petroli ya presha kubwa. Kinaliwa polepole. Kikitoboka, pampu inaanza kugusana na kamshafti moja kwa moja, na hapo hesabu inageuka kutoka kifaa cha bei nafuu kuwa kazi kubwa. Kukiangalia ni kufungua skrubu chache tu. Muuzaji asiyekuruhusu ukione, gari lake halifai. La pili ni masizi: petroli ya injini hii hupulizwa ndani ya silinda yenyewe, haipiti juu ya vali za kuingiza hewa, basi hakuna kinachoziosha na masizi yanajijenga hadi gari linaanza kutetemeka likiwa limesimama. Husafishwa kwa mkono, na kazi hiyo inachukua siku nzima. La tatu ni mkanda wa taimingi. Usiamini neno la mtu. Ukinunua, badilisha, pamoja na pampu ya maji. Glanza pia ina mkanda, na kanuni ni ile ile.

Halafu kuna gia. Golf nyingi zilizotoka Japani zina gia za kujibadilisha za DSG, zenye klachi mbili zinazoogelea kwenye oili. Zikiwa nzima hakuna gia tamu kuliko hizo. Oili yake inatakiwa kubadilishwa kila kilomita 60,000, na wengi huku hawajawahi kuigusa kwa sababu waliambiwa gia za otomatiki hazibadilishwi oili. Uongo huo umeua Golf nyingi kuliko ajali. Likitikisika kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili, au likisita kurudi nyuma, ubongo wa gia unaanza kwenda, na bei ya kuutengeneza itakunyima usingizi. Ndiyo maana ningemshauri mtu wa huku atafute yenye gia za mkono, ambazo mara nyingi zilitoka Uingereza. Ukiipata ya Uingereza kumbuka inahesabu maili, si kilomita. Namba ndogo kwenye dashibodi isikufurahishe haraka.

Glanza gani hiyo?

Wanaouza Starlet wanajua jina la Glanza lina bei. Basi angalia. Kulikuwa na Glanza S, ambayo haina turbo kabisa na ina farasi 85. Kuna Starlet za kawaida zilizobandikwa maandishi. Kuna pia Starlet zilizopandikizwa injini ya 4E-FTE, nazo zinakimbia kweli, ila mara nyingi breki na springi ni zile zile za gari la nguvu ndogo, na hapo unanunua hatari. Herufi EP91 kwenye chasisi hazitoshi, kwa kuwa Starlet za kawaida za miaka hiyo nazo ni EP91. Funua boneti usome namba iliyochongwa kwenye injini. Kisha linganisha na kumbukumbu za NTSA, mamlaka inayosajili magari, kwenye eCitizen. Injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa itakutesa siku ya kuhamisha umiliki, na haitakuwa kosa la muuzaji tena, itakuwa lako.

Namba ya gari pia inasema ukweli. Starlet ya mwisho ilitoka 1999, ukiongeza miaka 8 inakuwa 2007. Glanza iliyoingia kihalali kama gari la mtumba inatakiwa kuwa na namba za KA au za mwanzo wa KB. Ukiona ina KC, uliza maswali mengi na utake majibu ya maandishi. Kwa Golf nafasi ni pana zaidi, maana ziliundwa hadi 2008 hivi.

Usalama, na kwa nini ninaielekea Golf

Barabara ya Nakuru kwenda Mau Summit si ya mzaha. Salgaa na Sachangwan zimezika watu wengi. Trela lililopoteza breki halichagui. Golf ya kizazi cha tano ilipata nyota 5 katika majaribio ya kugonga ya Ulaya ya 2004. Ina mifuko ya hewa ya mbele, ya ubavuni na ya pazia, na bodi iliyoundwa kuvunjika sehemu ambazo hazina watu. Glanza iliundwa katikati ya miaka ya 1990, milango yake ni myembamba, na wepesi ule ule unaokufurahisha Tambach umetokana na chuma ambacho hakipo. Ninampenda Glanza, lakini siwezi kumwambia mzazi aweke watoto wawili nyuma na kuondoka Nakuru saa mbili usiku kwenda Kisumu, wakati anaweza kuwa na Golf. Isitoshe Glanza V ina milango miwili ya watu tu, na kumfunga mtoto mdogo kiti cha nyuma ni kazi ya kupinda mgongo kila asubuhi.

Kuhusu petroli, yote mawili yaliundwa kwa mafuta ya kiwango cha juu, hivyo kama kuna kituo cha V-Power karibu, tumia hiyo, hasa ukijua utapanda milima kwa nguvu. Kiwandani Golf ilipimwa kama lita 8 kwa kilomita 100 kwa mchanganyiko wa mji na barabara kuu. Ukiikanyaga sahau. Glanza hunywa kidogo ikiendeshwa kwa upole, lakini sijui ni nani hununua Glanza ili aiendeshe kwa upole. Kiti cha Golf kitakufikisha Kisumu bila mgongo kulalamika. Cha Glanza ni kizuri kwa saa moja. Bima ya komprehensivu ni ngumu kwa yote mawili kwa sababu ya umri, na kwa Glanza ngumu zaidi, basi ulizia kabla ya kulipa na si baadaye.

Kuhusu thamani, Golf itaendelea kushuka kidogo kidogo. Glanza halisi, yenye injini yake ya kuzaliwa na bodi isiyo na kutu, imeshaacha kushuka, kwa kuwa haitaongezeka tena. Wenye nazo wanajua hivyo, na ndiyo maana huzioni zikitangazwa. Zinauzwa mtu kwa mtu, kwenye kundi la wapenzi au kwa fundi anayezihudumia. Ukiitaka kweli, nenda ukazungumze na fundi wa Starlet aliyezeeka kazini. Anajua iliko.

Lolote utakalochagua, usilijaribu kwenye barabara tambarare ya mjini. Mwambie muuzaji mwende Salgaa, kisha upande hadi Mau Summit, wewe ukiwa kwenye stering, dirisha likiwa wazi ili usikie. Panda kwa nguvu. Tazama kipimo cha joto, tazama moshi kwenye kioo cha nyuma unapoachia mafuta. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, pengine inapita kwenye turbo. Ukifika juu, egesha, acha injini ipumue, fungua boneti, utafute harufu ya oili iliyoungua. Kama Golf ni ya DSG, geuza hapo hapo ikiwa bado ina joto, rudi nyuma polepole kwenye mteremko, na usikilize gia. Muuzaji anayekataa kwenda Mau Summit amekwisha kukwambia bei halisi ya gari lake.